Ekzosi ya Fundi Sikio

Siku ekzosi ya gari lake ilipokatika, Fundi Sikio alirudi nyumbani na furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona usoni mwake kwa muda mrefu.

Alikuwa ametoka kununua bawaba za mlango. Kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, watu walianza kumpungia mikono. Muuza viatu alisimama juu ya benchi lake akapunga kwa mikono yote miwili. Askari wa barabarani alivimbisha mashavu, filimbi mdomoni. Wanawake waliokuwa wanangoja kuvuka waliziba masikio, mmoja akanyoosha kidole nyuma ya gari, na Sikio, mtu wa heshima zake, akawapungia wote kwa zamu, hata akavua kofia kumsalimu askari. Gari lile lilizoea kutazamwa. Lilikuwa dogo, jekundu, gari la mbio la watu wawili tu, la muundo wa zamani ambao hautengenezwi tena, na badala ya paa lilikuwa na turubai la kukunja. Kila lilipopita watu waligeuka, na mwenyewe alizipokea salamu kwa niaba yake. Hakujua kwamba siku hiyo nusu ya bomba la moshi ilikuwa inaburuzika chini ya buti ikitoa cheche, na nusu nyingine, pamoja na sailensa yake ya kupunguza mlio, ilishabaki kwenye tuta mbele ya duka la vioo.

Alichojua yeye ni kwamba injini imepona. Kwa muda wa miaka miwili hivi sauti yake ilikuwa imezama, kama ya mtu anayeongea amejifunika shuka gubigubi. Sikio alikuwa amebadilisha plagi, amefungua kabureta na kuisafisha mara sijui ngapi, amerekebisha valvu, na wapi. Leo ghafla ilikuwa inamwambia kila kitu. Akaingiza gia ya pili, akaisikiliza ikipanda, na ilipoomba ya tatu akaipa pale pale. Machozi yalimlengalenga, akausingizia upepo.

Mkewe alimsikia kabla hajafika hata kona ya bomba la maji. Mtaa mzima ulimsikia. Mtoto mchanga wa jirani alizinduka akaangua kilio, na mbwa wa nyumba ya mwisho, ambaye huwa anafukuza hata malori, alijipenyeza uvunguni mwa meza ya muuza mkaa akatulia huko. Gari lilipoingia, mkewe alikuwa amesimama getini mikono kichwani.

"Umeisikia?" Sikio alimwuliza kabla hata ya kuzima. "Injini imepona!"

"Ekzosi imekatika!" mkewe alipiga kelele.

"Eeh, imepona kabisa! Tena yenyewe, sijaigusa!"

Mkewe akamshika mkono, akamzungusha hadi nyuma ya gari, akamwinamisha. Sikio alikitazama kipande cha bomba kilichokuwa kinaning'inia kwenye waya, kimeliwa na kutu mpaka ukikibonyeza kidole kinapita. Kisha akasema hicho ni kitu kidogo tu, kesho atalipeleka kwa fundi, akaingia ndani kuoga huku anapiga mluzi.

Jina la Sikio hakujipa mwenyewe. Alipewa kazini, na alilistahili. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, ndani ya ukumbi mrefu wenye mashine zilizopangwa safu kwa safu, kila moja inabamiza vyuma vyake kutwa nzima. Mgeni akiingia mle alitoka mbio ameshika kichwa. Sikio alipita katikati mikono mfukoni, akasimama ghafla, akaelekeza kidevu kwenye mashine fulani: ile pale, mkanda wake umelegea. Wakiifungua wanakuta kweli mkanda umelegea. Wasimamizi wakaacha kubishana naye. Kelele zile ndizo zilizompa jina, na ndizo zilizokuwa zinamla masikio kidogo kidogo. Kiwanda kiligawa pamba za kuziba masikio, na wafanyakazi wakazitumia kufutia mafuta mikononi. Sikio yeye hata kuzipokea hakuzipokea. Mtu ambaye masikio ndiyo kazi yake angeyazibaje?

Mkewe alikuwa mfumaji katika ukumbi huo huo. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake wa wakati ule na kwa ulimi wake ambao haujapungua mpaka leo. Mle ndani hakuna aliyeongea kwa sauti, ingekuwa kujichosha bure. Waliongea kwa midomo na mikono. Midomo ilifunguliwa sana, kila neno likatafunwa taratibu, na mikono ikasaidia. Ngumi ikizungushwa hewani maana yake zima mashine. Kiganja kikisukumwa mbele maana yake washa. Vidole viwili begani, msimamizi anakuja. Na kama hukushika ulichoambiwa, ulizungusha kidole kimoja mbele ya midomo yako: rudia. Ishara hiyo ndiyo iliyotumika kuliko zote, na hakuna aliyeona haya kuitumia, kwa kuwa mle ndani hata msimamizi mkuu alikuwa hasikii kitu. Sikio alimtongoza Sindano akiwa upande wa pili wa mashine, mbele ya ukumbi mzima. Sindano akamzungushia kidole, rudia, akarudia, akamzungushia tena, ingawa alikuwa ameshaelewa tangu mara ya kwanza. Wafumaji wote waliona alichokuwa anaambiwa. Siku ya harusi hakuna aliyejitia kushangaa.

Gari nalo lilitoka hapo hapo kiwandani. Meneja mmoja aliyehama alilitelekeza nyuma ya ghala, sakafu imeoza, panya wamezaa kwenye viti. Kiwanda kilipouza vyuma chakavu, Sikio akalivuta kwa kamba mpaka nyumbani, na mkewe akamwuliza kama ameleta gari au ameleta panya. Alilifufua kwa miaka, kila alipopata nafasi. Kila kitu alikitengeneza mwenyewe isipokuwa saa moja kwenye dashibodi, ile yenye mshale wa kuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Mshale ulikuwa umekufa, naye akauacha hivyo hivyo. Alisema hicho ni kitu cha kusikia, hakuna haja ya kukisoma.

Walipostaafu wakawa na mazoea yao. Kila Jumamosi jioni walikunja turubai, wakapanda, wakashika barabara ya bwawani hadi mwisho wa lami, wakarudi. Nyumbani Sindano alikuwa na kazi zake, wageni wake, simu za watoto. Ndani ya gari walikuwa wawili tu, naye aliongea njia nzima. Huko ndiko alikomtolea mumewe ya moyoni: nani kamuudhi, anamwazia nini binti yao mdogo, anaogopa nini siku hizi ambacho zamani hakukiogopa. Sikio alishika usukani akaitikia, na siku nyingine alimjibu neno moja ambalo Sindano alilitafuna wiki nzima. Alikuwa hampendi mumewe mahali popote kama alivyompenda ndani ya lile gari.

Hakuna siku moja unayoweza kusema ndipo masikio yalipokwisha. Kwanza redio ilianza kuwa na sauti ndogo. Halafu watu wakaanza kunong'ona, watu wazima na akili zao. Halafu Sikio akajipatia majibu mawili, "ndiyo, ndiyo" na "tutaona," na kwa majibu hayo mawili mtu anaweza kuishi muda mrefu kuliko unavyodhani. Muuza maziwa alimwuliza kama ameamka salama, akajibiwa tutaona. Binti yao mkubwa alipomwambia, "Baba, twende hospitali wakupime masikio," alijibiwa tutaona vile vile, na mpaka leo hajui kama baba yake alikataa au hakusikia. Ndani ya gari Sindano alipandisha sauti, kisha akapiga kelele, kisha koo likamuuma, kisha akanyamaza. Sikio alimtupia jicho akamwona anatazama mashamba, akajiambia mke wangu ametulia siku hizi, anafurahia upepo. Sindano hakuwa anafurahia upepo. Alikuwa mpweke, pembeni ya mumewe, na hakuwa na wa kumwambia hilo kwa sababu mtu wa kuambiwa mambo kama hayo alikuwa huyo huyo.

Na tusimwonee Sikio kwa kudai kwamba hakujua. Alijua, kama mtu anavyojua paa lake linavuja naye anasogeza kitanda. Alijitia hamnazo kwa sababu aliogopa. Mtu anayeitwa Sikio akiwa hasikii, ni nani? Kwa hiyo kosa akalitupia gari, akawa analifungua na kulifunga, analitafutia ugonjwa. Siku bomba lilipokatika na injini ikamfikia wazi kama zamani, aliona ameshinda kesi.

Kesho yake akalipeleka kwa Fundi Moshi.

Huyu Moshi alikuwa na gereji nyuma ya kituo cha mafuta, na kazi yake ni ekzosi tu. Breki hagusi, gia hagusi. Mabomba yamening'inia ukutani kwa ukubwa wake, sailensa zimepangwa sakafuni, na yeye mwenyewe ana sauti ya kukwaruza kwa kushindana na injini za watu. Alikuwa na utaratibu mmoja asiouvunja: hachomelei ekzosi kabla mwenye gari hajaisikiliza. Kwanza anaifunga kwa klampu, vibano vya chuma tu, mteja anasikiliza, akiridhika ndipo moto unawashwa. "Kuchomelea ni ndoa, mzee wangu," alimwambia Sikio. "Kwanza tuchumbiane."

Alianza na ile aliyoona inafaa, iliyofanana na ya asili ya gari: bomba jembamba, sailensa mbili, mkunjo mmoja mzuri kupita juu ya ekseli. Akawasha. Injini ikanguruma kwa ustaarabu. Sikio aliinama akaweka sikio karibu na boneti, akakunja uso.

"Umeiziba."

"Haijaziba, mzee wangu. Weka mkono hapa nyuma."

Sikio akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba. Moshi wa bomba ulikuwa unampiga kiganjani kwa mapigo yaliyo sawasawa, hakuna hata pigo moja lililoruka. Kama ingekuwa mashine ya kufuma angesema hii ni nzima, iacheni. Akaondoa mkono haraka.

"Inapumua," akasema, "lakini haisemi."

Moshi akafungua klampu, akaweka nyingine yenye sailensa moja. Sikio akasema hiyo inanong'ona. Moshi akakuna kichwa. Alimwuliza mzee kama anataka bomba la chuma kisichoshika kutu, Sikio akajibu ndiyo, ndiyo. Akamwuliza kama analitaka fupi au refu, akajibu ndiyo, ndiyo. Hapo Moshi, ambaye hakuzaliwa jana, akamtazama kwa makini. Mteja ni mteja. Akaenda ukutani, akashusha bomba pana, tupu, lisilo na sailensa hata ya dawa, ambalo huwa wanalichukua vijana wanaopenda kuwaamsha wazazi wa wasichana.

Alipowasha, misumari ilicheza kwenye kopo. Mhudumu wa kituo cha mafuta alitokeza kichwa ukutani kuona kama kuna kilicholipuka. Sikio alinyanyuka polepole, na sura yake yote ikafunguka.

"Hii!" akasema. "Hii ndiyo!"

Moshi akazima. "Mzee wangu," akasema kwa sauti kubwa, ana kwa ana, "hii itakugombanisha na mtaa mzima. Na askari. Mama yeye anasemaje? Si anapanda naye? Liache gari hapa, kesho mje wote wawili."

Hilo Sikio alilisikia. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Alimkuta Sindano jikoni anamenya viazi, akampa habari: ameipata, pana, tupu, injini inasema kila kitu. Sindano akaweka kisu chini. Akajifuta mikono, akaja mpaka mbele yake, akamshika kidevu kama anavyomshika mtoto anayetaka kunyolewa.

"Ukifunga hiyo," akasema, neno moja moja, "mimi sipandi tena."

Uso wake ulikuwa karibu, kwa hiyo yote yalifika. Hakuwa amewahi kuliwaza gari lile na kiti cha pembeni kitupu.

"Sasa gari nisilolisikia," akasema, "nitaliendeshaje?"

Sindano alishaligeukia sinia lake la viazi. "Na mke usiyemsikia?" akasema.

"Tutaona," akajibu Sikio.

Sindano akaendelea kumenya. Machozi yalimdondokea kwenye viazi, akayaacha yadondoke, maana aliyekuwa mlangoni nyuma yake hangesikia hata angelia kwa sauti.

Asubuhi walifuatana hadi kwa Moshi. Sindano alikuwa amevaa viatu vyake vya safari za heshima na alikuwa amekata kauli. Angeisikiliza hiyo ekzosi, angemwambia fundi kwa adabu kwamba mume wake amepungukiwa na masikio, yaishe. Ilikuwa aibu kumtangaza mumewe mbele ya mtu baki, aliijua aibu hiyo, lakini alikuwa amechoka.

Moshi aliwakaribisha, akampa mama kigoda, mama akakikataa. Sikio akaingia kwenye gari. Bomba pana lilikuwa bado limefungwa kwa klampu.

"Washa, mzee wangu!"

Sikio akawasha, akakanyaga mafuta. Mabati ya gereji yakatetemeka. Moshi akabana masikio kwa viganja na bado akakunja uso. Sindano alikuwa amefungua kinywa kumwambia Moshi maneno aliyoyaandaa njia nzima, akasikia yanaishia kwenye meno yake. Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akasimama pale, mbele ya gari, usawa wa taa ya kulia, sakafu inamtikisa nyayo, pua imejaa mafuta ya mashine, mumewe mbele yake katikati ya kelele. Mkono wake ukapanda wenyewe. Ukakunja ngumi, ukaizungusha hewani.

Zima mashine.

Na Sikio, bila kufikiri, akainua mkono wake kutoka kwenye usukani akajibu kwa ishara ya zamani, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada: bado kidogo.

Wote wawili wakaganda.

Ishara zile waliziacha kwenye geti la kiwanda siku walipotoka, pamoja na makoti ya kazi. Nyumbani kulikuwa kimya, za nini? Masikio yalipokwisha Sindano alipiga kelele kama ambavyo mtu mwingine yeyote angepiga, tena mara nyingi akiwa jikoni, au amempa mgongo, au wanatazama barabara. Hawakukumbuka, hata mmoja wao, kwamba wao wawili waliwahi kuongea kutwa nzima, wakagombana, wakachumbiana, bila kusikia hata neno moja.

Sindano akafungua midomo, kwa upana wa ukumbini, akatafuna kila neno.

"Tangu lini husikii?"

Sikio alizisoma zile silabi moja baada ya nyingine. Zilimfikia zote, hakuna iliyozama. Angeweza kusema tutaona. Lakini mle ndani ya kelele, hakuna aliyekuwa anasikia: Moshi hakusikia, mkewe hakusikia, mhudumu wa kituo cha mafuta hakusikia. Hapakuwa na cha kuonea haya. Akafungua midomo naye.

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningeitwa nani?"

Sindano alimtazama mtu mzima huyo mwenye mvi, mikono kwenye usukani, anayeogopa kunyang'anywa jina. Hasira zilikuwepo, na hazikuondoka zote. Alimwambia yeye ni mjinga, kwa midomo mipana kabisa ili asikose hata herufi. Alimwambia ameketi kwenye kile kiti Jumamosi baada ya Jumamosi akiongea na mashamba. Akamwambia alikuwa anamkumbuka. Hapo midomo ilimtetemeka, na mtu akitetemeka midomo hasomeki.

Sikio akainua mkono. Akazungusha kidole mbele ya midomo yake.

Rudia.

Kwa miaka miwili hakuwahi kumwomba mtu arudie. Sindano akafuta pua kwa ncha ya khanga, akarudia. "Nilikuwa nakukumbuka."

"Mzee! Nizime?" Moshi alikuwa anapiga kelele, mshipa wa shingo umemtoka. Hakuna aliyemwangalia. Akawatazama wale wawili wanavyofunguliana midomo na kupeperushiana mikono, mama analia na kucheka kwa pamoja, akaona heri aingize mkono dirishani mwenyewe azungushe ufunguo.

Kimya kikaanguka. Sikio akashuka, akasimama kidogo akiwa ameshika mlango wa gari.

"Fundi," akasema, "nifungie ile ya kwanza. Ya sailensa mbili. Uchomelee kabisa."

"Ile? Si ulisema imeziba, mzee wangu?"

"Aliyeziba ni mimi."

Moshi alikohoa, akajifanya anatafuta spana. Sikio akamwendea, akamgusa begani. "Na kuna mshale kwenye dashibodi umekufa, ule wa kasi ya injini. Najua wewe hugusi mambo hayo. Nitafutie mtu wa kuufufua. Nitabadilisha gia kwa macho." Maneno hayo yalimchoma, na yeyote aliyemwona aliona yamemchoma. Halafu, wakati Moshi anachomelea, akaenda kuchuchumaa nyuma ya gari akangoja. Ekzosi ilipopoa na injini ikawashwa, aliweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba, safari hii akakiacha hapo, akahesabu mapigo mpaka akaridhika. Sindano akaja akaweka mkono wake pembeni.

"Nzima?" akamwuliza kwa midomo.

"Nzima. Tena haina kelele, au siyo?"

"Inanguruma kidogo tu. Kama wewe ukilala."

Walitoka pale na turubai limekunjwa. Barabarani watu waligeuka kama kawaida yao, na safari hii walipopunga walikuwa wanapunga kweli. Sikio aliendesha akitazama mbele, akibadilisha gia kwa kukisia, moja akaikosea ikakwaruza, akaona mkewe amefumba jicho moja, akajua imekwaruza kwa nguvu. Hakujitetea. Sindano hakusema neno, alijua kwamba njiani macho ya mumewe yako barabarani, hawezi kumsoma midomo.

Kwenye taa za makutano makubwa waliikuta nyekundu. Sikio akasimamisha gari, akaweka gia huru, akamgeukia mkewe kwa mwili mzima, goti limepanda karibu na usukani.

"Haya, Sindano," akasema. "Sema."

Alikuwa hajamwita jina hilo tangu watoke kiwandani. Sindano akajiweka sawa kitini. Alikuwa na mambo ya miaka miwili, akashindwa aanze na lipi, akaanza na binti yao mdogo, ambaye aliacha kazi tangu mwaka jana, na baba yake alipoambiwa akasema ndiyo, ndiyo. Sikio alishtuka. Akazungusha kidole, rudia, akarudiwa. Akauliza kwa nini. Sindano akaeleza kwa midomo na kwa mikono, na Sikio alimkodolea macho asipepese, kama fundi aliyesimama mbele ya mashine anayoipenda.

Taa ikawa ya kijani. Gari la nyuma likapiga honi, kisha la nyuma yake, kisha lori. Mtu akatoa kichwa dirishani akawatukana. Sikio hakusikia hata moja, alikuwa anamsikiliza mkewe. Sindano aliyasikia yote. Akayaacha yapige, akamalizia sentensi yake mpaka mwisho, taratibu, bila kuruka neno, na alipoona imefika, akasukuma kiganja mbele.

Washa.